Tangi la petroli la aluminiamu kwa fundi wa malori Jomvu: mkono anao, lakini mchoro nenda nao wewe

Watu wameniuliza sana lile tangi limetengenezwa wapi, basi wacha niandike mara moja nimalize maana nshachoka kurudia stori ile ile kila mtu akichungulia nyuma ya gari.

Kwa wasiolijua gari lenyewe, ni la kujiundia, mtindo wa Lotus Seven, kile kigari cha Kiingereza cha mwaka 1957 alichokitoa Colin Chapman, Caterham wakakichukua 1973 na mpaka leo wanauza. Langu fremu ni skweatyubu za inchi moja, injini ni 5K ya Toyota pamoja na giaboksi yake kutoka kwa LiteAce moja iliyooza bodi ikabaki moyo tu, pua ya faiba nlitengenezewa na jamaa wa boti Mtongwe. Kila kitu nlikipata cha kukata na kuunganisha isipokuwa tangi. Nafasi iliyopo nyuma ya viti ni ndogo na ya mraba na hakuna Toyota hata moja iliyozaliwa na tangi la umbo lile, nshazunguka na futi mkononi kwenye mitumba ya spea mpaka wenye maduka wakanizoea wakawa wananiita kwa futi.

Nkaamua aluminiamu. Tangi la chuma hapa pwani mnalijua lenyewe, chumvi nje, unyevu ndani, miaka miwili kabureta inakunywa kutu. Halafu uzito, aluminiamu ni kama thuluthi moja ya chuma kwa ujazo ule ule, na kwa gari ambalo lote halifiki hata kilo mia sita, kilo nne tano unazisikia, ama tuseme mimi najidanganya nazisikia.

Mafundi nlioenda kuwaona ni watatu. Wa kwanza mjini, bei aliyotaja nkamuuliza ni ya tangi au ya boti. Wa pili akaniambia atachomelea kwa gesi na vile vijiti vya kuyeyusha kwa moto mdogo, vya kuzibia tundu za rejeta, nkamshukuru nkaondoka, petroli sitaki kuibebesha gundi. Wa tatu ndiye huyu wa Jomvu ninayemwandikia. Jina siweki, hakuniruhusu na pia kuna mambo ntayasema hapa chini si mazuri kwake, ila mwenye kutaka kweli aulizie tu madereva wa matrela pale kando ya barabara kuu wanapopaki, wote wanamjua.

Kazi yake ya kila siku ni matangi ya dizeli, yale makubwa ya aluminiamu yanayong'aa ubavuni mwa matrela ya kwenda Malaba. Yakipigwa jiwe au yakipasuka kwa mtikisiko yanaletwa kwake, na intakula (zile za kupoza hewa ya injini), na mabomba ya rejeta. Banda la mabati, mashine moja ya kuchomelea ya TIG, mtungi wa agoni, ile gesi ya kuufunika mshono usiguswe na hewa, umefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na mama wa viazi karai mlangoni. Nlipofika alikuwa anachomelea kona ya tangi la lori nkasimama nkatazama. Mshono umelala kama sarafu zilizopangwa zikaangushwa upande mmoja, sawa sawa, hakuna doa jeusi. Hapo hapo nkajua mkono upo.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha, ana brashi mbili za waya, moja imepakwa rangi nyekundu kwenye mpini, ya stenlesi, haigusi chuma milele. Spanaboi akiisogelea kwa chuma anapigwa kelele. Ndivyo inavyotakiwa, brashi ikishagusa chuma inaacha vumbi la chuma ndani ya aluminiamu na pale ndipo patakapooza. Na hasafishi kwa zile dawa za kopo za kuoshea breki, anatumia asetoni na kitambaa kipya, kwa sababu zile za kopo nyingine zina klorini na ukizichoma zinatoa gesi ya sumu ya kuua mtu. Nlimuuliza kwa nini akaniambia "kuna mwenzetu alilala hospitali." Hakuongeza.

Sasa mali. Bati nlikwenda nunua mwenyewe na hapa nawaomba mnisikilize kwa sababu dukani ukisema aluminiamu tu utapewa ya sufuria, laini, inachomeleka raha lakini unaibonyeza kwa kidole gumba. Ama utaletewa chekaplate ya sakafu ya lori. Ama muuzaji atakwambia chukua 6061 ndiyo ngumu, na ni ngumu kweli, lakini ikunje kona kali uone inavyopasuka mstari mzima. Mimi nlitaka 5083, ile ya boti, ina magnesi asilimia 4 na kitu, haijali chumvi, inakunjika ukiiheshimu. Namba inakuwa imechapwa kwenye bati lenyewe, usipoiona usikubali maneno. Nlipata kipande cha futi 4 kwa 4, unene milimita 2, shilingi 7,000, nkakipakia kwenye tuktuk nusu kikiwa nje na dereva ananiambia nimshikie kisimkate mtu sikio.

Vipimo: urefu sentimita 70, upana 30, kimo 20. Zidisha unapata 42,000, yani lita 42, toa nafasi ya juu ya petroli kupumua unabaki na kama 39 hivi. Kabla ya kukata chochote nlitengeneza tangi la katoni la friji, nkalibandika selotepu, nkalivisha kwenye gari, na ndipo nkagundua shingo ya kumiminia inagonga paipu ya rolba, ile ya kukinga vichwa gari likipinduka. Katoni ni bure, bati 7,000. Fanyeni hivyo.

Kukunja hakufanyi yeye, alinipeleka kwa jirani wanaotengeneza gata za mabati. Mashine yao ina meno makali ya bati jembamba la nyumba, wangekunja vile vile ingepasuka, tukatia nondo ya duara pale kwenye ncha ili kona iwe na mviringo kidogo. Wazo hilo la mzee, fundi wangu wa Jomvu, si langu. Bati moja likakunjwa kuzunguka pande nne ikabaki mshono mmoja na masikio mawili ya kufunika ncha, maana kila kona uliyoikunja ni mshono ambao hautavuja.

Basi mpaka hapo nlikuwa nampa nyota zote. Matatizo yakaanza tulipoingia kwenye vitu vya petroli, maana huyu bwana roho yake ni ya dizeli.

La kwanza, waya wa kujazia. Alikuwa na 4043, ule wa silikoni, ndio anaotumia kwa vitu vya kukalibu kama nyumba ya giaboksi. Nkamwambia mzee, kwa bati hili lenye magnesi nyingi waya huo unafanya mshono mkavu unakatika kwa mtikisiko, twataka 5356. Akanitazama. Akasema "kijana, mimi nachomelea kabla hujazaliwa." Nkanyamaza, nkanunua mahamri, tukanywa chai, nkarudi pale pale. Kumbe 5356 anayo, iko ndani ya kabati, aliiweka kwa ajili ya wateja wa boti kwa sababu ni ghali. Nlimlipia kilo nusu zaidi tukaendelea bila kinyongo.

La pili, nipeli, vile vya kuchomekea mipira ya petroli. Akatoa za shaba nyeupe kutoka kwa debe, nzuri zinametameta, anataka kuzifunga moja kwa moja kwenye aluminiamu. Shaba na aluminiamu zikikutana na hewa ya chumvi ya Mombasa aluminiamu ndiyo inayoliwa, unaweka leo mwakani pana unga mweupe kisha tundu. Kwenye lori la kwenda Uganda labda haonekani, mimi gari naliegesha Bamburi mita mia mbili kutoka baharini. Nkaenda kwa fundi wa kukereza vyuma akanitolea bushi nne za aluminiamu zenye meno ndani, 2,500 zote, za kuchomelewa kwenye tangi, moja ya kuvuta, moja ya kurudisha, moja ya pumzi na moja chini ya kumwagia uchafu. 5K ni ya kabureta na pampu ya kusukumwa na injini, ya kurudisha haina haja kubwa, lakini siku moja ntatia injini ya injeksheni na hapo tangi halifunguki tena.

La tatu ndilo lililonitia wasiwasi kweli, pumzi. Kwake yeye pumzi ni kijitundu kwenye kifuniko, dizeli haina shida hiyo. Petroli mvuke wake ni mwingi na ni mzito kuliko hewa, unashuka unajaza chini ya viti, na gari lenyewe halina paa ila lina shimo la miguu, halafu mtu anawasha sigara. Nlitaka paipu ya milimita 8 kutoka juu kabisa ya tangi, ipande mpaka juu ya shingo, izunguke, ishuke itoke chini nje ya gari, na katikati iwe na ile vavu inayoziba gari likipinduka. Vavu nliitoa kwenye tangi la Toyota ya mitumba, iko juu pale, watu wanaitupa. Mzee akacheka sana, "wewe watarajia kupinduka?" Nkamwambia mimi ndiye nimelifunga lile stering kwa hivyo ndio.

Kuna waya pia, wa eathi, kutoka shingo mpaka kwenye fremu, shingo imeungana na tangi kwa mpira na petroli ikitiririka inazaa stima ya kusugua. Huo alikubali bila neno, malori ya mafuta yote ya Shimanzi anayaona yanafungwa waya kabla ya kupakia.

Sasa kuchomelea kwenyewe. Jamani. Ukitaka burudani nenda ukatazame. Aluminiamu inayeyuka kwa digrii 660 lakini ile ngozi yake ya juu, ile oksaidi, inataka zaidi ya 2,000, kwa hivyo ukienda na moto wa kawaida ndani kunakuwa uji na juu bado ngozi haijapasuka halafu ghafla lote linadondoka chini. Mashine inatakiwa iwe kwenye AC, mkondo ukigeuka upande mmoja unapasua ngozi ukigeuka upande wa pili unayeyusha. Yeye anaisikia kwa sikio, alikuwa anaongeza na kupunguza kwa mguu kama fundi cherehani. Kwanza akadonoa kila sentimita tatu kuzunguka lote, ndipo akaanza mishono, vipande vifupi, mara huku mara kule, maana aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma na ukienda mstari mmoja moja kwa moja tangi linakuwa ndizi. Langu sakafu ilibinuka kidogo tu, milimita nne hivi, nkaiacha.

Siku ya pili upepo. Ilikuwa kusi imeshika, banda liko wazi upande wa barabara, na agoni ni gesi tu, ikipulizwa inaondoka na mshono unabaki uchi. Nliona doa jeusi la kwanza nkamwambia, akasema ameliona. Akamtuma spanaboi afunge turubai, hakufunga vizuri, likapigwa na trela linalopita likafunuka tena. Mshono wa kona ya kushoto ulichomwa wakati ule. Likumbukeni hilo.

Na muda. Aliniambia siku mbili. Zilikuwa tano. Moja stima ilikatika asubuhi ikarudi magharibi, hiyo simlaumu. Mbili alikuja trela la haraka, dereva amekwama na mzigo, tangi langu likawekwa sakafuni na mtu akaliwekea grinda juu. Nauli ya Bamburi mpaka Jomvu na foleni ya pale Changamwe mnaijua, ukienda ukakuta kazi haijaguswa unarudi umenuna. Mwenye kwenda apige simu kwanza na akisema "njoo tu" asiende.

Ndani kuna vizuizi viwili, vibati vyenye matundu na kona za chini zimekatwa ili petroli ipite polepole. Bila hivyo ukikata kona petroli yote inakimbilia upande mmoja, paipu inavuta hewa, gari linakohoa katikati ya kona na hapo ndipo hutaki likohoe. Mchoro wangu ulisema kizuizi cha kulia kiwe sentimita 14 kutoka tundu la sensa ya geji, ile yenye mkono na boya la kufuata petroli. Siku ile sikuwepo. Alikiweka 9. Nligundua tangi lishafungwa.

Nlivyokasirika sikwambii. Alipoona nimenyamaza akaniletea kahawa na akasema ukweli kuwa aliupindua mchoro, kulia ikawa kushoto. Alitaka kukata aanze upya, nkafikiria kukata mishono yote ile nkaona hapana, ntatafuta njia kwenye sensa.

Tukaja kwenye kupima, na hapa ndipo karibu tugombane. Alishika mpira wa kompresa ya tairi. Nkaruka. Hebu hesabuni, ubavu mkubwa wa tangi ni sentimita 70 kwa 30, yani 2,100 za mraba. Upepo wa tairi, psi 30, ni kilo mbili na kidogo kwa kila sentimita moja. Zidisha, ni zaidi ya tani nne zinasukuma bati la milimita 2 kutoka ndani. Lingefura kama mkate wa mofa na huenda likapasukia usoni mwetu. Yeye matangi ya malori anayapima hivyo akifungua kidogo kwa kukisia na anasema halijapasuka hata moja, sawa, lakini hilo langu lilikuwa limenila pesa.

Nlikuja na kifaa changu cha shilingi mia mbili. Ule mpira mweupe wa kuona maji ndani ambao waashi wanapimia leveli ya msingi, nkaufunga ukutani umbo la U, nkatia maji yenye rangi ya juisi, ncha moja kwenye tangi, na upande wa tangi nkatia pampu ya baiskeli. Maji yakipishana sentimita 70 ni psi 1, sentimita 140 ni psi 2, na mbili zinatosha kabisa, hata hizo ni karibu kilo mia tatu kwenye ubavu ule. Tukaliweka kivulini kwa sababu juani upepo wa ndani unapanda wenyewe unadhani uko salama kumbe ni joto. Nusu saa, maji yameshuka vidole viwili. Povu la sabuni kila mshono, na wapi? Kona ya kushoto. Kijitundu kama cha sindano, povu linachemka taratibu.

Mzee akasema hilo ni dogo, epoksi ya chuma inatosha. Hapa sikumwekea chai. Nlimwambia mzee, leo tangi hili halijawahi kuonja petroli, unaweza kulichoma utakavyo, kesho likishaonja hakuna mtu atakayeligusa kwa moto tena, mimi sitaki na wewe pia hutaki, na mvuke unaobaki ndani ya tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Hapo alinielewa mara moja, kwa sababu hata ya dizeli anayajaza maji kabla ya kuchomelea. Akachimba ile kona mpaka chini, akasafisha, turubai likafungwa na yeye mwenyewe safari hii, akachoma upya. Tukapima tena, maji yakasimama saa nzima hayajatikisika hata kidogo, spanaboi akaenda akala akarudi yako pale pale.

Malipo 11,500 ya kazi, pamoja na ule waya. Ukijumlisha bati, bushi, kukunja, sensa, mpira wa petroli wa shingo (wa petroli kweli, wa rejeta unalainika ukawa kama mkate uliolowa chai) nlifika kama 27,000. Tangi tupu nlilipima kwa mizani ya muuza viazi likasoma kilo 6 kasoro.

Kulifunga nlilifunga mwenyewe. Mikanda miwili ya aluminiamu, na kila linapogusa fremu pana mpira mgumu usionyonya maji, umebandikwa gundi kabisa pasiingie kitu katikati. Mzee alinipa kipande cha zulia la zamani kwa roho safi, nkalichukua kwa adabu nkalitia chini ya meza yangu ya kazi. Zulia linashika maji ya chumvi linayakumbatiza tangi mwaka mzima. Na sikulipaka rangi, aluminiamu ya boti ikiachwa uchi inajilinda yenyewe.

Sasa ni miezi saba. Sijasikia harufu hata nkiliacha juani mchana, ile kona ya kushoto naipitishia kidole kila Jumapili, kavu. Kizuizi kikiwa mahali pabaya petroli haijali, nshalipeleka mpaka Kilifi na kurudi, kona za Mtwapa zile halikohoi. Ningeenda tena kwake? Ningeenda, kwa mshono ule ningeenda hata akiwa Mariakani, lakini siku ya vizuizi ningekuwa nimekaa pale pale kwenye ndoo na mchoro mkononi, umeandikwa MBELE kwa wino mwekundu.

Ile sensa ina matundu matano ambayo yanakubali upande mmoja tu, kwa hivyo sikuweza kuizungusha mkono wake ukikwepe kizuizi. Nliukunja mkono ukawa mfupi. Ikijaa inasoma sawa, nusu inasoma karibu na sawa, ila chini haifiki, sindano ikilala kwenye E ndani bado pana lita tisa, nmezipima kwa kidumu. Mke wangu nshamweleza mara tatu na bado tukipita Nyali Bridge sindano imelala ananiambia simama hapo mbele tutie.